Kofi la Sita

Basi lilipotoka Kaplong, msichana aliyepakata mpira mpya wa vikapu alimwambia mama aliyeketi naye kwamba anakwenda kuwa kocha wa wasichana chuoni.

"Pahali pa marehemu Mongina?" mama akashtuka. "Huyo alituletea kombe, akafia uwanjani filimbi ikiwa mdomoni. Alitufundisha sisi wachezaji wake kupiga kofi kuomba pasi ukungu ukishuka. Siku hizi wanaocheza ni watano, wanaoomba pasi ni sita."

"Mimi nimeokoka, mama. Na wakimrushia?"

"Anarudisha. Pasi safi kuliko zetu."

Mimi niliyeketi nyuma yao nimesoma ngumbaru, shule ya watu wazima, siamini mizimu. Dirisha nililifunga kwa sababu ya baridi.

Basi likasimama langoni mwa chuo. Wanafunzi walikuwa likizoni. Kofi moja likalia ndani ya ukungu.

Msichana akaukumbatia mpira.

"Mrushie, kocha," mama akanong'ona. "Anaomba."