Mwalimu Kalolaine na Duara la Elfu Tisa

Ijumaa tarehe 13 Desemba 2024, saa nane mchana, Mwalimu Kalolaine Hafoka atakabidhi funguo za darasa la kompyuta baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi kumi ya utumishi katika Chuo cha Ufundi cha Matangi, hapa Neiafu, visiwani Tonga. Funguo zenyewe ni tatu, na hakuna hata mmoja unaofungua mlango ule. Mlango hufunguka kwa kuusukuma kwa goti. Lakini taratibu ni taratibu.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Kwanza, nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa nikiwa fundi wa umeme na kompyuta. Pili, wenzangu wote walioombwa kabla yangu walisema wana msiba.

Mwalimu Kalolaine alizaliwa kijiji cha Ha'alaufuli, katika nyumba ambayo wanawake wake wote walikuwa watengenezaji wa ngatu, nguo yetu ya magome. Aliingia chuoni Februari 1993 kufundisha hesabu kwa mafundi seremala, na inasemekana kabla yake hakuna kabati lililotoka chuoni likasimama lenyewe. Mwaka 2006 tulipewa kompyuta nane. Mkuu wa chuo wa wakati huo, Mkuu Sosefo Lolohea, alishapanga kuzitumia kukandamizia mikeka isipeperuke. Mwalimu akazidai, akazipanga mezani, akaanzisha somo la kuchora maumbo mepesi kwa kuandika programu.

Somo lenyewe halina makuu. Unaiandikia kompyuta umbo unalotaka, duara au mraba, kisha unalipatia namba mbili: ya kwenda kulia na ya kushuka. Hesabu zote huanzia kona ya juu kushoto, na hapo ndipo sifuri. Sehemu ya skrini inayochorwa Mwalimu aliiita ngatu, na sote tukaiita hivyo. Ukiongeza namba ya pili, umbo linashuka. Hili la mwisho ndilo lililotuharibia mji. Mpishi wetu, ambaye binti zake wawili walisoma darasa hilo, aliambiwa siku moja aongeze moto. Akaupunguza, akasema kwa Mwalimu Kalolaine kuongeza ni kushusha. Tulikula viazi vikuu vibichi siku hiyo, na hakuna aliyejua amlaumu nani.

Kuna pia suala la picha ya wafanyakazi. Katika somo lake, mraba hupangwa kwa kona yake ya juu kushoto, lakini duara hupangwa kwa kitovu chake. Mwalimu aliipeleka sheria hiyo kwenye picha ya mwaka 2008. Watu wembamba aliwapanga kwa bega la kushoto, wanene kwa kitovu. Mimi nilipangwa kwa bega. Mkuu Sosefo alipangwa kwa kitovu, tena akapimwa kwa kamba, akafurahi sana kwa sababu ndiye peke yake aliyetokea katikati. Waliobaki tumetokea vipande vipande. Picha hiyo ingali ukutani na mnaweza kuhakikisha.

Sasa nifike kwenye duara, maana najua ndilo mnalolisubiri.

Asubuhi ya somo la kwanza, Mwalimu alikuwa amekula lu, yale majani ya magimbi yanayopikwa kwa tui la nazi, kwenye meza ya kompyuta, jambo ambalo nimelikataza kwa maandishi mara sita. Tui likaingia chini ya kitufe cha sifuri. Alitaka kuandika tisini. Kitufe kikanata, na badala ya sifuri moja kikatoa tatu. Ngatu ya skrini ilikuwa na upana wa nukta mia sita. Duara likaenda kukaa kwenye nukta ya elfu tisa. Wanafunzi kumi na wanne walitazama skrini nyeupe, na Mkuu Sosefo, aliyekuja kuona kama mikeka yake iko salama, akatazama pamoja nao.

"Mwalimu, mbona sioni kitu?"

"Duara lipo, Mkuu. Liko nje ya ngatu."

"Nje wapi?"

Mwalimu akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Huko uani. Kama hatua ishirini hivi."

Mkuu akaenda mlangoni, akachungulia, akarudi kutoa taarifa kwamba ameona nguruwe wawili tu.

Mimi nilikuwa chini ya meza nikishika waya. Nikamnong'oneza, "Futa sifuri mbili, dada, twende tukanywe chai."

"Kaka Peni," akasema, "kompyuta imefanya nilichoiambia. Leo nikikana neno langu mbele ya hawa, kesho watakana la kwao." Akaongeza kwamba kwao ua likishapigwa kwenye nguo halihamishwi. Nguo ikiwa fupi, unagundisha nyingine.

Basi duara likabaki elfu tisa. Kila mwaka somo la kwanza lilianza kwa wanafunzi kwenda uani kulisalimia. Walisimama safu moja, wakasema habari za asubuhi, wakasubiri kiasi cha adabu, wakarudi darasani. Baada ya muda hakuna aliyeegesha gari pale. Mpira ukiangukia pale, anayeufuata huomba radhi. Mkuu Sosefo alitangaza kikaoni, mara tatu, kwamba duara hilo ni uzushi mtupu, lakini akitoka ofisini kwenda msalani alikuwa akilizunguka. Nilimwona kwa macho yangu. Alisema anakwepa tope, na ulikuwa wakati wa kiangazi.

Oktoba 2009 akaja mkaguzi kutoka makao makuu, Bwana Inoke Fakatava, mtu mwembamba wa kupangwa kwa bega. Boti yake ilichelewa, ikamshusha Jumamosi asubuhi, na ingeondoka tena saa kumi jioni. Alikuja na barua. Somo lisilo na ushahidi lifungwe, na mwalimu wake ahamishiwe mji mkuu, Nuku'alofa, kabla ya mwezi kwisha.

Hapo kicheko kilikwisha. Mama yake Mwalimu, Mama Siale, alikuwa hawezi tena kutembea, na pale Ha'alaufuli hakuna mwingine wa kumgeuza kitandani ila binti yake huyo mmoja. Kumhamisha Kalolaine kulikuwa ni kumwacha yule mama peke yake. Chuo kizima kilijua, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia mkaguzi.

Tulidhani ataangalia kazi za wanafunzi, maana kulikuwa na madaftari sitini ya nyumba, samaki na maua ya ngatu yaliyochorwa vizuri. Lakini kanuni ya ukaguzi ilisema aanze na kazi namba moja, na isipopita, daftari lifungwe.

"Kazi namba moja, duara," akasoma. "Duara lenyewe liko wapi?"

"Nje, Bwana mkaguzi."

"Mama, nimesafiri usiku kucha. Natapika tangu visiwa vya Ha'apai. Usiniambie duara liko nje."

"Ndiko liliko."

"Basi boti inaondoka saa kumi. Nisipoliona kwa macho yangu, naandika halipo."

Nilimvuta Mwalimu pembeni. Nilimwambia sifuri mbili tu, nani atajua? Fikiria mama yako. Nakiri nilimkasirikia, maana niliona ni ukaidi. Akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Peni, tuna skrini ngapi?"

"Nane."

Akapiga hesabu kiganjani kwa kucha. "Zinatakiwa kumi na tano."

"Saba nyingine utazitoa wapi?"

"Kwani Neiafu nzima hawana?"

Wanafunzi wakatawanyika mjini. Duka la mikate likatoa kompyuta yake ikiwa bado na unga. Kwaya ya kanisa ikatoa ya kwao kwa sharti irudi kabla ya ibada ya kesho. Muuza ndoano alitoa mbili na hakuuliza za nini. Kufikia saa saba zilitimia. Tukazipanga kwa safu, kila moja na meza yake, kuanzia ukutani, kupita mlangoni, kushuka barazani, hadi uani. Kila kompyuta niliiambia iruke hesabu ya zilizotangulia, yaani ya pili ianzie mia sita, ya tatu elfu moja na mia mbili, hivyo hivyo hadi mwisho. Umeme tuliuvuta jikoni, na mpishi akaambiwa asiguse jiko la umeme, akatii kwa mara ya kwanza.

Bwana Inoke akaanza kutembea kando ya meza akiwa na fomu yake. "Hii haina kitu," akaandika. "Hii haina kitu." Nguruwe mmoja akamfuata nyuma. Skrini kumi na nne zilikuwa nyeupe pe. Alipofika ya kumi na tano, akainama. Ukingoni kabisa upande wa kulia kulikuwa na kitu chekundu kilichojikunja.

"Hii ni nusu," akasema.

"Kitovu chake kimeangukia mpakani. Nusu ya pili iko kwenye ya kumi na sita."

"Na ya kumi na sita iko wapi?"

Mwalimu akahesabu upya kiganjani. "Nimekosea hesabu kidogo," akasema. Katika miaka yote hii, ni siku hiyo tu nilimsikia akilitamka neno hilo.

"Kwenye fomu yangu hakuna nafasi ya nusu duara, mama."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Kompyuta yangu ya mkononi ilikuwepo, lakini skrini yake ilikanyagwa na nguruwe mwaka uliotangulia. Skrini pekee iliyobaki karibu ilikuwa televisheni ya Mkuu Sosefo, na Tonga walikuwa wanacheza raga muda huohuo. Mashemeji zake wanne walikuwa sebuleni wameizunguka pamoja na bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeingia pale kuomba televisheni.

Mkuu alikuwa amesimama barazani muda wote. Akageuka akaenda nyumbani kwake. Nikajisemea, haya, ameenda kuangalia mechi.

Akarudi ameikumbatia televisheni juu ya tumbo, waya ukiburuta mavumbini. Nyuma yake walikuwa mashemeji wanne, wawili wakiwa wamebeba bakuli.

"Shemeji, zilibaki dakika ishirini," mmoja akalalamika. "Dakika ishirini tu, wewe mtu una roho gani?"

"Nyamazeni," akasema Mkuu. "Mwalimu wangu anahamishwa."

Meza ya kumi na sita iliangukia palepale tulipokuwa tukipazunguka kwa miaka mitatu. Nikaunganisha waya. Televisheni ikafikiri kidogo, ikawaka, na ukingoni mwake kushoto ikatokea nusu ya pili. Ilikuwa kubwa kuliko mwenzake, maana televisheni ni televisheni, lakini zilikutana. Mashemeji wakapiga makofi namna wanavyompigia mfungaji. Wanafunzi wakasema habari za asubuhi, ingawa ilikuwa jioni.

Bwana Inoke alipiga magoti mavumbini. Akapitisha kidole juu ya ule wekundu kutoka skrini moja hadi nyingine, akauzunguka wote, akarudi alipoanzia.

"Limekuwepo muda wote huu?" akauliza.

"Tangu mwaka 2006," akajibu Mkuu Sosefo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mkaguzi akaandika: duara lipo. Mahali pa maoni akaongeza: ngatu ilikuwa fupi. Akawahi boti yake. Somo halikufungwa, Mwalimu hakuhamishwa, na Mama Siale aliishi miaka sita zaidi akigeuzwa kitandani na mkono alioujua. Mechi tulishindwa. Mashemeji wanasema hadi leo ni kwa sababu hatukuwa tukiitazama.

Tangu hapo Mwalimu Kalolaine ameshafundisha watu mia nne na kumi na wawili kuweka umbo mahali pake. Wako wanaochora mabango, wako wanaochora ramani, yuko mmoja anayepanga makaburi, na hayo yamenyooka kweli. Mkuu Sosefo alistaafu mwaka 2013, na huja kila Februari kulisalimia duara. Anasema anapita tu.

Mwezi uliopita niliambiwa nisafishe darasa, nifute na ile programu ya kwanza ili mwalimu mpya aanze upya. Nilikaa mbele ya skrini ile nyeupe kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa fundi. Kisha nikachukua kamba ya kupimia na baiskeli, nikapima kutoka ukuta wa darasa hadi mlangoni kwa Mwalimu, kule Ha'alaufuli. Nimepiga hesabu mara mbili: ni nukta milioni tatu na nusu kwenda kulia, na kidogo kupanda, kwa hiyo namba ya pili ni ya kutoa, chini ya sifuri. Nimeiandika chini ya mstari wa duara. Sikufuta kitu.

Asante, Mwalimu, kwa kutunyoosha bila kutusogeza. Asante kwa kila skrini nyeupe uliyotufundisha kuiheshimu. Nakutakia usingizi wa asubuhi, lu ya moto mbali na vitufe vyangu, na miguu yenye nguvu kuliko ya mama yako. Februari, siku ya somo la kwanza, wanafunzi watakwenda uani kama kawaida. Watalisalimia duara, kisha watageukia upande wa Ha'alaufuli na kusema habari za asubuhi. Wakiuliza mbona hawaoni mtu, nitawaambia yupo, ila ngatu yetu ni fupi. Tafadhali, saa mbili asubuhi uwe barazani, uitikie.

Penisimani Latu
Fundi wa umeme na kompyuta, Chuo cha Ufundi cha Matangi