Nani Huziambia Seli Zisimame

Risala ya wanafunzi wa kidato cha tano, Shule ya Alto Tunal, siku ya kufunguliwa upya kwa zahanati ya kijiji

Mgeni rasmi, Daktari Hermelinda Zúñiga, Mkurugenzi wa Afya wa mkoa wetu. Mkuu wa shule. Wazazi mlioacha mipungate yenu asubuhi hii:

KARIBU
Karibu Alto Tunal, na pole kwa vumbi. Umekata utepe, umeonja viazi vya mama zetu, ukasema zahanati inapendeza. Kweli inapendeza. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone, na leo hatuyasemi hayo kwa mazoea.

TULIKOTOKA
Wazazi wetu hufuga kwenye mipungate, ile mimea yetu ya miiba, wale wadudu wanaosagwa kuwa rangi nyekundu. Rangi huondoka kwa lori, ikapake midomo ya watu tusiowajua. Kwetu ilikuwa kero ya kufua nguo mara mbili, mpaka Mwalimu Nélida Ticona alipoleta darasani hadubini yake mwenyewe. Aliichemsha rangi hiyo katika siki kali, akailowesha humo ncha ya mzizi wa kitunguu, akaibana chini ya kioo.

Aliyetangulia kutazama ni Yobana Ccopa, binti wa mama Fortunata. Aliing'ang'ania hadubini hata tukaanza kumsukuma. Ndipo akasema, "Jamani, rangi ya mama imeshika mpaka ndani."

MAFANIKIO
Tuliona kila seli imenaswa katika hatua yake. Katika moja, kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, zimejipanga katikati. Katika nyingine zimevutwa huku na huku, nusu kwa nusu. Kwingine ukuta umeshajengwa, na seli moja imekuwa mbili. Ndivyo mzizi unavyorefuka na kidonda kinavyofunga. Mwalimu akatueleza kwamba kabla ya kugawanyika seli hujikagua. Ikiwa na kasoro husimama itengenezwe, isipotengenezeka hufa.

Yobana akauliza, "Na ikikataa kusimama, mwalimu, nani ataiambia?"

"Hapo, mwanangu, sharti mtu aione mapema."

CHANGAMOTO
Mwezi wa Aprili Yobana alianza kupauka. Hapa kwetu mtoto akipauka dawa ni moja: damu ya kuku iliyokaangwa kwa vitunguu. Kila nyumba ilimpikia. Tulimletea hadi darasani, tukimtania kwamba atawamaliza kuku wa Alto Tunal. Alikula yote, hata alipokuwa hawezi kumeza, maana hakutaka kuwavunja moyo mama zetu. Zahanati nayo ikampa vidonge vya kuongeza damu. Mgeni rasmi, hakuna aliyemnyima Yobana upendo. Ila hakuna aliyeitazama damu yake.

Hadubini ya zahanati ipo. Imo kabatini ndani ya boksi lake, kwa kuwa hatujawahi kuletewa mtaalamu wa maabara. Yobana alifikishwa mjini Septemba. Huko walikuta saratani ya damu: chembe nyeupe changa zilikuwa zikigawanyika bila kusimama, zimejaa ndani ya mifupa yake. Tulimzika kabla ya mavuno. Inatuuma sana, na inatuuma zaidi kwa kuwa sisi tulishajua kutazama, lakini tulikuwa tukitazama kitunguu.

MAOMBI
Hatuombi jengo, tumelipata. Tunaomba mtu wa kukaa nyuma ya ile hadubini.

Mama Fortunata ndiye aliyekupokea mlangoni na sinia la mapungate. Tulimwomba asome risala hii, akasema hataweza, machozi yatamshinda. Lakini ametutuma neno. Mdogo wake Yobana, Nayra, yule pale mbele mwenye sweta ya kijani, ameanza kupauka wiki hii. Huenda ni upungufu wa damu tu. Hatujui, na hapa hakuna wa kutuambia. Majirani wameshaanza kuchinja kuku.

Wewe ni daktari. Ufunguo wa kabati anao muuguzi, na Mwalimu Nélida ameleta vioo. Umetufungulia zahanati, tunashukuru. Kabla hujapanda gari, tunakuomba utufungulie na kabati.

Mungu akufikishe salama kwa wanao, na Mama Ardhi asiichoke miguu yako.

Ni sisi, wanafunzi wa kidato cha tano, Alto Tunal. Imesomwa na Elmer Huarachi, aliyekaa dawati moja na Yobana.