Shule ya Aline na Kikombe cha Mama Noela

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena, maana ninyi wa nyuma hamkuitikia, na mimi nawajua watu wa nyuma, nimekaa nao miaka mingi. Wengi mnanifahamu kama Mama Aline, yule wa saluni ya Yeoville. Mnisamehe nikitembeatembea hapa mbele, tangu asubuhi miguu yangu haitulii. Mchungaji amenipa muda mfupi kabla ya Meza ya Bwana. Nimemwomba asikifunike kile kikombe pale mezani, kwa sababu ushuhuda wangu unaishia hapo.

Ndugu zangu, binti yangu Aline ameingia chuo kikuu! Ada, vitabu, chumba cha kulala, vyote vimelipiwa. Anasomea uhandisi wa umeme, na mnajua sababu. Amekua akiona umeme unakatika kila mteja wangu akikaa chini ya mashine ya kukausha nywele. Pigeni makofi basi! Sasa tulieni, maana nitawaambia ni nani anayemlipia, na hapo ndipo wengine mtaacha kupiga.

Anayemlipia ni mfuko unaosomesha watoto wa watu wa asili wa Afrika. Ni wale waliotolewa kwenye misitu na majangwa ya babu zao, watoto wao wakapata nafasi chuoni lakini nyumbani hakuna uwezo. Mtoto wangu amepata kwa sababu sisi ni Watwa. Ndiyo. Mimi ni Mtwa wa Kivu, mama yangu Mtwa, baba yangu Mtwa, na msitu wetu ulifanywa hifadhi ya wanyama, sisi tukaambiwa tutoke.

Naona mnatazamana. Mmeniita Mshi, kabila la wengi wenu hapa, miaka yote hii, na mimi sikuwakatalia, nilikuwa nasuka. Mlinisikia naongea Kishi, mkasema huyu ni wetu. Watwa wa kwetu tunaongea Kishi kama ninyi, jamani! Hakuna aliyeniuliza.

Na nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Watu wa kwetu Kivu, wa Bukavu, wa Walungu, wa Kabare, mnajua mambo ya kikombe. Kwa wale wa Tanzania na Kenya, nitaeleza. Kwetu Mtwa hanywi kwenye kikombe cha nyumba. Mama yangu alikuwa anafinyanga vyungu, na vyungu vyake ndivyo vilivyopika maharage ya kijiji kizima. Chungu alichokifinyanga kwa mikono yake kilikuwa kisafi. Lakini akiomba maji alipewa kikombe cha Watwa, kinachotundikwa nje ya jiko, kisichochanganywa na vingine. Nilikuwa mtoto, nikisimama kando yake nikimwona anakunywa. Ilinikera, na mpaka leo inanikera.

Nilipofika Johannesburg nikakutana na Mama Noela. Mnamwona, yule pale wa kitambaa cha bluu, msimgeukie wote. Tumekodi saluni moja, yeye kiti cha dirishani, mimi kiti cha ndani. Tulikuwa na chupa moja ya chai na kikombe kimoja, anakunywa yeye, nakunywa mimi, miaka na miaka. Siku moja alikuwa anamsuka mteja huku anasimulia habari za kwao. Akataja jina la baba yake, akataja kilima chao, akacheka akisema jikoni kwao kulitundikwa kikombe cha yule mama Mtwa wa vyungu. Ndugu zangu, mama wa vyungu alikuwa mama yangu! Nami nilikuwa na mteja kwenye kiti changu, nikamsuka mpaka mwisho, akalalamika nimekaza sana.

Kuanzia hapo sikuwa na amani. Chai yake nilikunywa, lakini nilikuwa nakunywa na hofu. Na hapa kanisani, mnakumbuka kwamba nilikuwa wa mwisho kwenda Mezani kila mara? Wazee mlinisifu, mkasema Mama Aline ana unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu. Kikombe chetu ni kimoja, kinapita kutoka mdomo hadi mdomo. Nilitaka siku mkinijua asiwepo hata mmoja wa kusema alikunywa baada yangu.

Basi Aline akamaliza shule, akapasi vizuri, chuo kikampa nafasi. Misaada ya serikali haikutufikia, maana karatasi zetu ni za wakimbizi. Tarehe ya kujiandikisha inakuja, na mimi nasuka mpaka vidole vinakufa ganzi, na haitoshi. Mwalimu wake ndiye aliyemwambia habari za ule mfuko. Aline alikuwa anajua sisi ni nani. Nilimwambia tangu mdogo, nikamwambia pia anyamaze.

"Mama, kwani ni siri ya nini?" akaniuliza. "Hapa Joburg nani anajali? Eish!"

Nikamwambia, "Joburg haijali, mwanangu. Yeoville inajali, huku kumejaa watu wa kwetu."

Watu wa mfuko walitaka jambo moja gumu. Aje mtu mzima asiye wa familia, asimame mbele yao, aseme anatujua kuwa Watwa. Nikamkimbilia Mchungaji. Akaniombea, lakini hakunificha. Akasema, "Mama, naweza kusema unasali hapa. Siwezi kusema nakujua kuwa Mtwa, maana leo ndiyo nasikia." Nilimkasirikia siku ile. Mchungaji, nimekusamehe.

Jiji lote hili, aliyemjua mama yangu ni mmoja tu, na ni yule aliyekicheka kikombe chake. Nilizunguka mtaa mzima kabla ya kuingia saluni. Nilisimama kwenye robot, taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, mimi bado nimesimama. Nikasema, Mungu, kama huniondolei hofu hii, basi nisukume nayo hivyohivyo. Nikaingia. Nikamwambia Mama Noela yote, jina la mama yangu, mto tuliokaa karibu nao, vyungu, kikombe. Nikamwomba aje ofisini Braamfontein kwa ajili ya Aline, nikamtajia na siku.

Akaweka kitana chini. "Mama Aline, uko nasema nini?" Alimaliza kazi yake, akachukua mkoba, akaondoka bila kuniaga.

Kesho yake akaja na kikombe chake. Cha njano, kipya, kutoka kwenye spaza, kile kiduka cha jirani. Akakiweka upande wake wa dirishani, akamimina chai yake, akanywa. Ndugu zangu, nilitoka nje nikalia kando ya ukuta, tena kwa sauti! Nilijiona nimevuka nchi zote zile, na kikombe cha mama yangu kimenifuata mpaka Yeoville.

Siku ya mahojiano ikafika. Mimi na Aline tulipanda teksi kwenda Braamfontein bila shahidi. Tulikaa mbele ya watu wa mfuko, na mmoja wao alikuwa mama mtu mzima wa Wasan, wa Kalahari. Wakauliza, shahidi wenu yuko wapi? Aline akafungua mdomo aseme hatuna.

Mlango ukafunguliwa. Mama Noela! Anahema, kitambaa kimekaa upande.

Hakujua Kiingereza cha kutosha, akasema kwa Kiswahili, na Aline ndiye aliyetafsiri. Alisema, "Ninawajua hawa. Kwetu kulikuwa na kikombe cha bibi yake huyu mtoto, kimetundikwa inje. Miye nilikuwa binti mudogo, niliambiwa nisikiguse." Aline akatafsiri. Alikuwa hajawahi kusikia habari ya kile kikombe, sikuwahi kumwambia. Lakini hakuruka neno.

Yule mama wa Kalahari akauliza, huo ni ushahidi wa zamani, leo hapa Johannesburg unajuaje?

Mama Noela akainama. Akasema, "Tangu aniambie yeye ni Mtwa, nimenunua kikombe changu. Tulikuwa na kimoja, sasa tuko na viwili. Kama hakuwa Mtwa, ningenunua cha nini?"

Aline akatafsiri na hilo pia. Yule mama wa Kalahari akavua miwani, akafuta macho, akasema inatosha. Haleluya! Kitu kilichonidhalilisha ndicho kilichomlipia mtoto wangu ada. Mungu wetu ana namna zake, na mimi bado sijui kama nicheke au nigombane naye.

Tukarudi wote watatu kwenye teksi moja. Nilimshukuru, nikamshika mkono. Akaniambia bila kunitazama, "Nimesema kweli kwa sababu ya mutoto. Lakini kikombe, usiniulize bado. Mukono yangu iko nakatala yenyewe."

Ndugu zangu, sitawadanganya ili ushuhuda uwe mtamu. Leo ninavyoongea, saluni yetu ina vikombe viwili. Nampenda Mama Noela, na kila asubuhi nikiona kile cha njano nakasirika upya. Aline ameshaanza masomo, yule pale, amekuja leo kunisikiliza. Namshukuru Mungu, nawashukuru watu wa mfuko, na nakushukuru wewe, Mama Noela, mbele ya kanisa lote. Ulikuja na aibu yako mkononi ukaiweka mezani kwa ajili ya mtoto asiye wako. Sijui kama mimi ningeweza.

Wewe mzazi uliyeficha ulikotoka, usikate tamaa. Mtumaini Mungu hata ukiwa unatetemeka, mimi nilitetemeka mpaka mwisho.

Sasa Mchungaji, Meza iko tayari. Leo siendi wa mwisho. Leo nakwenda wa kwanza, ninywe kwanza mimi, binti wa mama wa vyungu, na kikombe kipite kwenu kikitoka mdomoni mwangu. Asiyetaka abaki kwenye kiti chake, simlaumu, Mungu amsaidie kama alivyonisaidia. Anayemwamini Bwana wa Meza hii, aje apange mstari.

Mama Noela, nyuma yangu nimekuachia nafasi.