Samaki Kwenye Kibao cha Halua

Kwenye basi la kwenda mji wa Alwar, Ramkesh muuza halua alipakata kibao kipya cha duka lake, chenye picha ya samaki mkubwa aliyevaa kilemba. Bibi mmoja aliyeketi karibu naye akasogea kando. “Mwanangu, sisi wa huku wengi hatuli nyama wala samaki. Nani atanunua halua kwako?”

“Mama, Wamatsya walitawala hapa zamani, na kwa Kisanskriti matsya ni samaki. Ndio wazee wangu!”

“Ukame wote huu, samaki walimwona wapi?”

“Labda walisikia habari zake tu.”

Mimi, niliyekaa nyuma yao, nilitazama dirishani. Vumbi tupu.

“Leo nafungua, mama. Wateja wakikimbia nimekwisha.”

Basi likasimama. “Nitakuja kuonja,” bibi akasema, “ila huyo samaki mgeuze atazame ukuta.”