Chumba cha Asabea

Benchi la Baba Seidu, muuza kahawa, liko pale barabara ya Akuapem inapopinda kabla ya kanisa, limeegemezwa ukuta wa duka lililofungwa zamani. Mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo wanaolikalia wote huinamia upande wa bondeni bila kujijua. Hapo ndipo wanaume wa mji huu humalizia asubuhi zao, wakinywa kahawa ya maziwa ya kopo na kuitengeneza dunia ambayo haijawahi kuwasikiliza. Jumanne hiyo ya mwezi wa Juni ukungu ulikuwa umegoma kuondoka. Majumba ya watu wa Accra yaliyojipanga juu ya mlima yalionekana mageti tu, geti baada ya geti, yote yamefungwa, maana wenyewe huja Ijumaa jioni kupunga upepo na Jumapili wakashuka. Watu watatu walikuwa wanapiga soga. Wa nne, Asiedu, alikuwa kimya, na ukimya si kawaida yake.

Alikuwa na sababu. Jana yake mpwa wake Ofeibea, binti wa marehemu dada yake Asabea, alimpigia simu kutoka Ashaiman, kule chini karibu na Accra. Mtoto wake ana pumu. Nyuma ya nyumba wanayopanga kuna watu wanaobabua mbuzi kwa moto wa matairi mchana kutwa, na daktari amesema mtoto atolewe kwenye moshi ule apelekwe penye hewa. Hewa iko mlimani, nani asiyejua. Ofeibea akamwomba mjomba wake amfagilie chumba cha mama yake, kesho anahamia. Asiedu akajibu sawa, njoo. Alijibu hivyo kwa kuwa kukataa kungetaka maelezo, na usiku huo hakupata usingizi.

— Hivi mtu akitaka chumba kimoja tu hapa juu, cha kawaida, anaanzia wapi? aliuliza, macho kwenye kikombe.

— Anaanzia kuzaliwa upya, alisema Injinia.

Injinia jina lake ni Ayisi, fundi mwashi. Wamemwita hivyo kwa sababu amejenga nusu ya majumba ya mlima huu, na yeye mwenyewe hajawahi kumaliza hata banda la kuku. Alieleza kwamba watu wanalalamika vyumba ni haba, na huo ni uongo mtupu. Yeye kajenga nyumba pale juu yenye vyumba saba vya kulala, na mwenye nyumba ana mke mmoja na mbwa.

— Vyumba vimejaa tele, alisema. Kilichokosekana ni watu wa kulala humo.

— Wewe unaona matofali tu, bwana. Hili jambo lina mizizi, alisema Katekista.

Katekista ni mzee Bekoe, anayefundisha vijana wa kipaimara na kumsahihisha kila mtu mwingine. Kwake yeye kosa ni la wamisionari. Walifika pwani wakafa kwa homa kama kuku wa kideri, waliosalia wakapanda huku kukikimbia kifo, na tangu siku hiyo mlima ukapata sifa kwamba huku hakufi mtu. Basi mtu wa Accra akiambiwa tu na daktari presha imepanda, anakuja kununua kiwanja.

— Lakini wamisionari wenyewe si wamezikwa hapo nyuma ya kanisa?

— Walichelewa kupanda.

Aliyeuliza ni Ripota. Huyu anaitwa Kwafo, na hutembea na redio ndogo sikioni, akitoa habari ambazo hakuna kituo kilichowahi kuzitangaza. Akavuta benchi, yaani akajivuta mwenyewe, akashusha sauti. Alidai kuwa ndani ya kuta za yale majumba kuna mitambo inayonyonya upepo wa mlima usiku na mchana, ikiushindilia kwenye mitungi, na kila Jumapili upepo huo unashushwa Accra kwenye vyumba vya wakubwa.

— Hamjaona magari yao yanavyoshuka taratibu? Yamebeba.

— Na mlima wenyewe unadidimia, akaongezea Injinia, ambaye hakutaka kushindwa. Mimi nawaambia, zile kuta ni nzito. Kila mwaka tunashuka kidogo.

— Basi tusubiri, alisema Ripota. Tukifika usawa wa Accra kodi itashuka.

Walicheka, na Baba Seidu akacheka nao huku akikoroga. Asiedu hakucheka. Alikuwa anawapima mmoja mmoja, nani anaweza kumsitiri mtoto mgonjwa.

Akaanza na Injinia. Alimuuliza juu ya lile jengo analolilinda kule juu, lile lisiloezekwa, kama chumba cha chini hakina zege juu yake. Injinia akasema kinacho, na ndimo anamolala yeye na mkewe na watoto. Mwenye jengo ameshaleta bati. Siku paa litakapokamilika, mlinzi na watoto wake watatoka nje na vyungu vyao. Ndiyo sababu mwezi mzima amepigilia bati mbili tu, na kila jioni anamwomba Mungu mvua isikatike.

Akamgeukia Katekista, akauliza habari za vyumba vya kanisa. Katekista akasema vyote wamepewa wageni fulani wanaokuja kujinyoosha alfajiri kwenye majani, na wanalipa vizuri, na kanisa linahitaji kengele mpya. Ripota hakungoja aulizwe. Yeye analala kwenye baraza la wakwe zake, na hata hilo baraza wameanza kulipigia hesabu.

— Ila wewe mbona leo unapekua hivyo? Injinia akauliza. Nani anatafuta chumba?

— Ofeibea, alisema Asiedu. Mtoto wake hapumui. Anakuja leo. Anataka chumba cha mama yake.

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, maana jambo lile walilifanya wote.

Huku mlimani mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Nyumba ya ukoo ni yake kuliko ilivyo ya baba yeyote, na chumba cha Asabea kilikuwa cha Ofeibea bila mjadala. Lakini Asabea alipofariki, mwili wake ulikaa kwenye majokofu ya hospitali wiki baada ya wiki, kwa sababu ukoo ulikaa kikao ukasema mwanamke aliyewauzia watu mkate maisha yake yote hawezi kuzikwa kinyonge kama mtu asiye na ndugu. Hela haikuwapo. Akatokea bwana mmoja wa Accra anayetafuta vyumba vya kupangisha wageni wa wikiendi, yuko tayari kulipa kodi ya miaka na miaka kwa mkupuo. Asiedu, mkuu wa nyumba, akampa chumba cha marehemu ili marehemu azikwe. Katekista aliweka sahihi ya ushahidi. Injinia alilijengea kaburi vigae. Ripota alizunguka na kipaza sauti miji yote ya jirani, na bendi ikapiga mpaka kukacha, na watu wakala wakasaza. Yalikuwa mazishi ya kusimuliwa. Baadaye bwana yule akapaka rangi, akafunga kiyoyozi kwenye mlima ambao watu huja kutafuta baridi, akaondoka na ufunguo. Ofeibea aliambiwa ukoo umechanga.

Gari lilisimama mbele ya benchi, godoro limefungwa juu ya paa. Ofeibea akashuka, mtoto mgongoni. Aliwasalimia akianzia kulia kwenda kushoto, mkono kwa mkono, kama alivyofunzwa na mama yake, hakumruka hata Baba Seidu. Akapewa maji, akanywa, akarudisha kikombe. Sasa ilikuwa lazima aulizwe safari yake. Mgeni haachwi amesimama na jambo lake moyoni hata kama kila mtu analijua, na akishasema, wenyeji wanadaiwa jibu. Katekista, kwa umri wake, ndiye aliyeuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

— Hapa kwetu ni amani. Wewe ndiwe uliyetoka njiani.

— Na nitokako ni amani, wazee wangu, ila mtoto. Usiku anakohoa mpaka anageuka rangi. Daktari kasema nimlete kwenye hewa, nikasema namshukuru Mungu, kwetu ni mlimani. Nimeacha chumba nilichopanga, leo hii ameshaingia mtu mwingine. Nimekuja nyumbani. Na nawashukuru tena kwa mama. Watu wa Ashaiman wakiona zile picha hawaamini kwamba ni mama muuza mkate. Mjomba, naomba ufunguo.

Asiedu alisimama. Alitaka kusema kesho, alitaka kusema ufunguo umepotea, lakini mtoto mgongoni aliachama akivuta pumzi, na uongo ukamshinda. Akamweleza yote, bendi na vigae na bwana wa Accra, bila kujitetea.

Ofeibea alisikiliza mpaka mwisho. Akamwangalia kila mmoja pale kwenye benchi, na kila mmoja akapata kitu cha kutazama chini.

— Anaishi humo, huyo bwana?

— Analeta wageni. Ijumaa.

— Leo Jumanne.

— Ndiyo, mama.

— Kwa hiyo leo kitupu.

— Kitupu.

Injinia akasema kwa haraka kwamba yeye ana tindo, kufuli si kitu. Katekista akamkumbusha kwamba karatasi ni ya yule bwana, na fedha atakazodai arudishiwe hazitatimia hata wakiuza benchi na watu wake. Asiedu akasema vyumba vingine vyote vina ndugu wamebanana, yeye mwenyewe analala kwenye kibanda kando ya jiko, wangeweza kulala hapo.

— Jiko la kuni, Mjomba?

— La kuni.

Ofeibea akamtikisa mtoto taratibu akae vizuri mgongoni.

— Nililia siku ile kwa furaha, alisema. Nilisema watu wangu wamemheshimu mama. Hakuna aliyeniuliza, na mngeniuliza ningesema azikwe hata kwenye mkeka.

Akawageukia wote.

— Sasa mtoto alale wapi?

Ripota alizima redio. Katekista, mwenye jibu la kila swali tangu enzi za wamisionari, alishika fimbo yake akaitazama. Wanaume watatu waliokuwa wamelimaliza tatizo la nyumba la mlima mzima asubuhi moja hawakuweza kutoa kitanda kimoja. Baba Seidu alifunika sufuria.

Dereva akachungulia dirishani, akauliza godoro lishushwe au lirudi, maana ana abiria wanaomsubiri. Ofeibea alimtazama mjomba wake, akangoja. Akangoja tena. Kisha akamwambia dereva lirudi.

Asiedu akambebea mfuko, akamfungulia mlango wa gari, akasimama kando ya barabara kama inavyopasa kumsindikiza mgeni.