Asibaki Mtu Ndani: Maisha ya Marehemu Eusebio Bagsan Domiles, Dereva wa Tacbawan (1948–2022)

Marehemu Eusebio Bagsan Domiles alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 hapa Tacbawan, mtoto wa kwanza wa marehemu Bagsan Domiles na marehemu mama Inas. Wakati huo kwenda Dalapit, kule barabara kuu, ilikuwa ni kwa miguu, na kabichi zilibebwa mgongoni. Mtoto wa pili na wa mwisho ni mimi Victorina, ninayesoma haya. Padre ameniomba wasifu uwe mfupi na usimguse mtu vibaya. Hilo la ufupi nitajitahidi.

Alisoma shule ya misheni hapa kijijini kuanzia mwaka 1955 hadi darasa la sita, mwaka 1961. Barabara ilifunguliwa akiwa darasa la nne, na lori la kwanza lilipoingia shule nzima ilikimbia nje, mwalimu akiwa mbele. Wiki hiyo mwalimu aliwauliza wanafunzi wangependa kuwa nani wakikua. Wengine walisema padre, wengine nesi. Kaka alisimama akasema, "Mimi nataka kuwa breki, mwalimu." Darasa lilicheka hadi basi. Yeye hakucheka, alikuwa ameliona lile lori likiteremka.

Mwaka 1966 alianza kazi ya utingo, kazi ya kukimbia nyuma ya lori na gogo mkononi na kulisukumiza chini ya gurudumu lori likianza kurudi nyuma. Leseni aliipata mwaka 1970. Mwaka 1976 alinunua gari la jipu kuukuu la jeshi, fundi wa mjini La Trinidad akalirefusha, na tangu hapo alishusha kabichi, karoti na viazi vya kijiji hiki hadi barabara kuu na kurudi na watu, chumvi na mafuta ya taa. Ile njia mnaijua. Ni kilomita tisa za gari moja tu, ukuta upande huu na korongo upande ule. Akiteremka na mzigo, korongo lilikuwa upande wa usukani, kwa hiyo aliufunga mlango wake nyuma kwa kamba ili uwe wazi muda wote, akawa anachungulia tairi likipita ukingoni. Alikuwa akisema dereva anayetegemea kioo anaendesha kwa hadithi za watu.

Tarehe 20 Aprili 1974 alifunga ndoa na Carmelina Tiwac wa mtaa wa juu. Walichinja nguruwe wawili, na bibi harusi alicheza hadi viatu vikamshinda, akavivua. Jipu liliponunuliwa, jina la mkewe liliandikwa juu ya kioo cha mbele kwa rangi nyekundu. Carmelina alilalamika kwamba sasa akina mama wanasema wameketi juu yake. Walijaliwa mtoto mmoja, Fermina, tunayemwita Mina, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1978.

Sasa nifike mahali ambapo kila mtu hapa anataka niparuke. Sitaparuka.

Kwenye kona ya Sablot maji hutoka chini ya barabara, na miezi ya mvua ukingo wa nje huwa laini kama uji. Desturi yetu tangu barabara ifunguliwe ni kwamba abiria wote hushuka pale na kutembea nyuma, na dereva hupita peke yake. Jumapili tarehe 22 Oktoba 1989 tulikuwa tunarudi kutoka ubatizo huko Dalapit, watu kumi na wanane, mvua ya kutoboa mwavuli. Tulishuka. Carmelina alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje.

"Wewe kaa," marehemu akamwambia. "Wiki nzima unakohoa. Utalowa."

"Watu watasema mke wa dereva amekuwa malkia."

"Waseme. Kaa."

Mina, miaka kumi na mmoja, alitaka kupanda tena akae na mama yake. Carmelina akamwambia, "Tembea na shangazi, mwanangu, tunakusubiri pale mbele." Nilimshika mkono. Jipu lilikwenda kama urefu wa kanisa hili, kisha gurudumu la nyuma la nje likazama. Halikufanya kelele nyingi. Tukienda nyumbani, usukani huwa upande wa ukuta, na ule mlango ulikuwa wazi kama siku zote. Kaka alikuwa barabarani, amepiga magoti, na jipu halikuwepo.

Wazee walipomwita usiku wa pili kumuuliza ilikuwaje, wengi walikuwa wamekwisha kumtafutia maneno ya kusema: kwamba alirushwa, kwamba alikuwa anakwenda kuweka gogo. Yeye alisema neno moja, "Niliruka." Mzee mmoja akasema, "Eusebio, fikiri kwanza." Akasema, "Nimefikiri. Niliruka, yeye akabaki." Mina alikuwa mlangoni, amesikia.

Aliyekufa njiani hatumwingizi ndani. Carmelina alilazwa nje chini ya paa, na mvua ile haikukatika siku mbili. Maji yalikuwa yakilowesha upindo wa blanketi lake. Kaka alikaa pale chini siku zote mbili akilivuta blanketi, linalowa, analivuta tena. Mama mkwe wake alimwangalia kisha akasema, mbele ya watu, "Sasa ndiyo unaogopa asilowe." Akalivuta blanketi tena. Nilimchukia yule mama miaka mingi kwa maneno yale, na sikuwahi kupata kosa ndani yake.

Alikaa miezi kumi na minne bila kugusa usukani. Kijiji kilirudi kubeba kabichi mgongoni, na wazee wenyewe ndio waliomwendea. Alipoanza tena, Januari 1991, jipu lilikuwa jingine, na juu ya kioo cha mbele hakuandika kitu. Mlango wa dereva aliufunga kwa waya wa chuma, akaukaza kwa koleo. Kuanzia siku hiyo hadi alipostaafu mwaka 2016 aliingia na kutoka kwa mlango wa abiria, akivuka viti, hata magoti yalipoanza kumsumbua. Madereva vijana walimtania: "Babu, ukipata moto humo utatokea wapi?" Aliwajibu, "Sitatokea." Ukaguzi wa polisi ulimfungulia mlango ule mara mbili, na mara zote mbili aliufunga tena kabla hajatoka uwanjani.

Pale Sablot alishusha kila mtu, masika na kiangazi, barabara iwe kavu kama mkaa. Alisimama, akazima injini, akasema, "Shukeni. Asibaki mtu ndani." Hakuwasha hadi ahesabu vichwa. Kuna mgombea mmoja wa uchaguzi aliyekuja na viatu vyeupe. "Mzee, unajua mimi ni nani?" Kaka akamwambia, "Najua, bwana mkubwa. Ndiyo maana nataka ufike." Yule bwana akatembea kwenye tope, na kura zetu alipata. Na bibi Albina, ambaye yuko hapa na asikatae, alikuwa na nguruwe wake amefungwa chini ya benchi.

"Na nguruwe je?" akauliza kwa kejeli.

"Nguruwe ni nani aachwe? Naye ashuke."

Nguruwe akashushwa, akakata kamba, akapanda mlima. Watu kumi na watano walimkimbiza hadi saa tisa. Tangu hapo vijana wakimwona kaka walipiga kelele, "Shukeni, na nguruwe!" Naye alicheka, huwa nashukuru kwamba alicheka. Kwa miaka ishirini na mitano hakupoteza mtu tena, hata kuku.

Lakini kuna abiria mmoja ambaye hakumpata tena. Mina alikwenda kusoma mjini Baguio mwaka 1991, akawa fundi cherehani, akaolewa huko. Kila Krismasi na kila siku ya wafu alirudi nyumbani. Alishuka basi Dalapit, akampa baba yake mkono kwa heshima, akamkabidhi mizigo, kisha akaanza kutembea. Kilomita zote tisa. Kaka aliwasha jipu akamfuata taratibu, gia ya kwanza, mizigo ya mtoto imekaa kwenye kiti na mtoto yuko chini. Magari mengine yalisubiri nyuma na hayakupiga honi. Alifanya hivyo alipokuwa na mimba. Alifanya hivyo na watoto mgongoni. Mwaka 2003 nilimvizia njiani nikamwambia, "Wewe msichana una moyo wa jiwe. Unamuua baba yako polepole." Akanijibu bila kusimama, "Shangazi, mimi sijakasirika. Nikipanda, ataniambia nishuke pale, na mimi nitashuka tena." Nikatembea naye.

Figo za kaka zilianza kumsumbua mwaka 2020. Kuanzia Februari 2021 alihamia Baguio kwa Mina, kwa sababu damu ilibidi isafishwe mara mbili kwa wiki. Yule mtoto asiyepanda gari la baba yake alimwosha, alimlisha, alimnyoa ndevu, aliamka naye. Asije mtu kunisimulia habari za mtoto mbaya. Mwezi Agosti mwaka huu nilikwenda kumwona, nikamkuta Mina anamsugua miguu kwa maji ya moto. Kaka akasema, "Mina, siku ile..." Mina akasema, "Inua mguu wa pili, Baba." Akainua. Baada ya kitambo akaanza tena, "Siku ile mimi..." Akaambiwa supu inapoa. Nilidhani nitawakuta siku nyingine wakiwa wamemaliza hayo mazungumzo. Mina ameniruhusu niseme kwamba hawakuyamaliza.

Alifariki Alhamisi tarehe 13 Oktoba 2022, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Baguio, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Mina alikuwa ametoka kwenda kumletea chai.

Ameacha mtoto mmoja, Fermina, na mume wake Nestor, wajukuu watatu, Carmela, Dexter na Lyn, kitukuu mmoja, mimi dada yake, na mpwa wake Rexton, mwanangu, aliyerithi jipu na ile njia. Padre alitaka majina yawe mwisho kabisa. Nimeyaweka hapa kwa sababu kuna jambo lililotokea juzi Jumamosi, na mimi nalihesabu ndani ya maisha yake.

Gari la hospitali lilimfikisha Dalapit saa nane mchana, likakataa kwenda mbele, na halikukosea. Tukalihamishia jeneza kwenye jipu lake mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha. Mina alisimama pembeni na mwavuli, na sote tulijua atatembea, hata Rexton alikuwa ameshaweka gia ya kwanza. Kisha akafunga mwavuli, akapanda, akakaa kwenye benchi, mkono juu ya jeneza. Mwanangu alishindwa kuliondoa gari, likazima mara mbili.

Tulipofika Sablot, Rexton alizima injini akasema, "Shukeni." Tukashuka, watu kumi na wawili. Mina alishuka wa mwisho, akasimama nyuma ya jipu, hakusogea.

"Twende, dada," Rexton akamwambia. "Mjomba abaki humo. Mvua hii, atalowa."

Mwanangu alikuwa hajazaliwa mwaka ule. Hakujua amesema nini. Mimi nilijua, nikaliona neno lile likimfikia Mina usoni.

"Mwache alowe," akasema. "Mshushe."

"Dada, jeneza ni zito, na kona hii..."

"Rexton. Alisema asibaki mtu ndani. Mshushe baba yangu."

Walimshusha wanaume sita. Mina akaingiza bega lake mbele, upande wa korongo, na mtu mmoja akampisha. Walitembea naye kwenye mvua ile, hatua ndogo ndogo, maji yakitiririka juu ya ubao na kuingia shingoni mwao. Katikati ya kona, pale penyewe, Mina alianza kusema na baba yake. Nilikuwa nyuma yake kabisa. Alisema, "Baba, umeshuka. Umeona? Umeshuka," akayarudia hadi tulipofika ng'ambo. Jipu likatufuata tupu, na Rexton ndani yake analia. Ukingo haukubomoka.

Tunamzika leo, Jumatatu tarehe 17 Oktoba 2022, kando ya Carmelina. Mwenyezi Mungu ampe kaka yetu pumziko alilojinyima miaka thelathini na mitatu. Sote tumehesabiwa. Hakubaki mtu ndani.