Usiniache Mlangoni: Maisha ya Fundi Rangi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Rangi tu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mwashi na mshona nguo. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971. Hesabu zilimpiga chenga, ila mwandiko wake ulikuwa wa kupigiwa mfano.

Mwaka 1975 alianza kazi ya kuandika mabango, na hakuibadili tena. Maduka, zahanati, milango ya malori: herufi zake bado tunapishana nazo barabarani. Akipaka rangi aliimba nyimbo za mwanamuziki mmoja tu, mama aliyejirekodi chumbani kwake na kuuza kanda mwenyewe, mkono kwa mkono, bila kampuni. Kanda zile zilikuwa na mvumo, na maneno mengine ilibidi uyabahatishe. Marehemu alisikia "usiniache mlangoni", akayaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana yake.

Wimbo huohuo aliuimba nje ya nyumba ya wakwe zake mwaka 1983, mvua ikimnyeshea, hadi mama mkwe akasema, "Mfungulieni huyo, asije akatufia hapo nje." Ndoa ilifungwa tarehe 3 Desemba. Mama yetu alimwambia tangu mwanzo kwamba neno ni "usiniage". "Masikio ni yangu," alijibu, na ubishi huo ukazeeka nao.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, na macho yakafifia. Ndipo binti yake mkubwa akamletea kitabu: mwanamuziki wake ameandika maisha yake! Marehemu alikipakata kama mtoto mchanga. Mama amsomee, alisema, lakini asiruke hata ukurasa kuuwahi wimbo ule. Tulihofia hatafika, kwani daktari alishatuambia tujiandae. Kila asubuhi yeye aliuliza, "Tumefika mlangoni?"

Walipofika, Mama alisoma mstari mmoja, akanyamaza.

"Soma tu, mke wangu. Kimya hicho nakijua. Nimeshindwa."

Kitabu kilisema: usiniage mlangoni, nisindikize mpaka barabarani. Marehemu alicheka hadi akapaliwa, kisha akaomba brashi. "Siwezi kuondoka na kosa la herufi pale juu."

"Liache," Mama alimwambia huku akilia. "Ungeimba sawasawa siku ile kwetu, wangekusindikiza barabarani ukaenda zako."

Kitabu walikimaliza. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na bango lenye kosa ambalo hakuna atakayeligusa. Leo Mama amekataa kumuaga nyumbani. Ametembea naye kwa miguu mpaka hapa.

Pumzika kwa amani, Fundi. Tumekusindikiza.